Vibuyu vya Kichwa cha Octave

"Siku tisa, Mama," binti yetu Victorine akasema, hata muzigo ya safari hajatua. "Siku tisa haukumupa Papa dawa."

Nikamujibu kwamba sikuitupa, niliichunga akiba ya leo. Vidonge vilikuwa vinaisha, matope ya njia ya Kabambare ilizuia moto, ile pikipiki yenye kuvileta, na leo wakwe wa Sarah-Grâce, mutoto wetu wa mwisho, wanafika. Kwetu baba wa binti anapokea kuku yao akisimama, akiikala, amewakataa. Mafuta ya karamu inachungwa mbele. Nani hajui?

Octave, bwana yangu, alikamua mawese hapa Kasongo miaka makumi ine. Siku moja alisukuma mashini ya kukamulia mpaka kilima kikasogea. Mwenye kubisha aende apime. Sasa mukono yake inatetemeka juu ya goti, na uso haucheki tena, hata nikidanganya vizuri.

Victorine, yeye ni infirmière, muuguzi wa wagonjwa, akaikala juu ya kinu. Akasema na sauti ya chini:

"Mule kichwani kuna chembe zenye kutengeneza dopamini, yenye kusaidia mwili kutembea. Kila chembe inaijaza ndani ya vibuyu vidogo sana, inaichunga mule. Papa akitaka kuinua muguu, vibuyu vinasogea kwenye ukingo, vinafunguka, vinaimwanga. Kisha chembe inaokota yenye kubakia, inajaza tena."

"Basi vijazwe mbele."

"Chembe nyingi zimekufa, Mama, na vibuyu vyao. Kidonge kinaleta ngazi tu, matunda ya mawese yenye haijakamuliwa. Chembe zenye kubakia ndizo zinakamua. Hakuna tena pa kuweka akiba. Dawa ya asubuhi, mangaribi imekwisha."

Nikamuuliza, je, na vile vidonge vine vya akiba nilimupa leo asubuhi mara moja? Akaniangalia. Ndiyo maana amemukuta ametapika, akasema, na hata kimoja pengine hakikubaki tumboni.

Wakwe nitawaambia nini? Nilikuwa tayari na uongo muzuri, wa mamba na muguu. Victorine akasema niwaambie ukweli. Ule sijauzoea.

Octave alikuwa kwenye kiti yake, shati nyeupe, anatusikia. Alishika kiti na mikono mbili, akajisukuma. Miguu haikumutii. Akajisukuma tena, macho kwangu, kama mutu anaomba.

Nikapiga magoti mbele yake. "Octave," nikasema, "si ugonjwa leo. Ni mimi nili..."

Christophe, mujomba wa bwana arusi, akaingia, kuku mikononi, na mimi nikamalizia mbele yake: "...nilikunyima dawa."