Roketi ya Shemeji Polikarpo

Shemeji yangu Polikarpo alikuwa mtu wa kawaida kabisa mpaka alipopewa kitabu. Alilima mpunga, alivua kambale kama wenzake wote wa Ifakara, Jumapili alikwenda misa, na alimwoa dada yangu Verediana. Kiingereza alikiokota vitani Burma. Aliporudi akampikia Mzungu mmoja aliyekuja kupima maji ya mto Kilombero, na Mzungu huyo alipoondoka akamwachia kitabu kinene cha wahandisi, kinachofundisha namna ya kuunda roketi. Mtu anayepima maji alikuwa na haja gani na roketi? Mpaka leo sijui.

Nilicheka sana. Mwanaume mzima, nyumba inavuja, yeye yuko barazani anasoma habari za moshi! Lakini Polikarpo hakuwa anajifurahisha. Kule Burma roketi zilimpita juu ya kichwa, akaona ndege wa msitu mzima wakihama kwa mara moja. Alitaka ndege wa mpunga wahame vilevile.

Mpunga ukianza kutoa masuke, kaya nzima huhamia mbugani. Watu hukaa dunguni, nyumba ya nyasi iliyoinuliwa kwa nguzo juu ya maji, wakiamia ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame, kwa kelele na kombeo. Dada yangu alijifungulia huko mara mbili. Mara zote mbili mtumbwi haukuwahi kufika hospitali, na watoto wale tuliwazika juu ya kichuguu, maana ndiyo ardhi kavu iliyokuwapo. Mwaka 1956 alikuwa mjamzito tena. Aliniambia, "Rosa, wakinipeleka dunguni safari hii, sirudi."

Mama mkwe wake, mama Kandida, hakutaka kusikia. Shamba lilikuwa lake na ghala lake.

"Mimi nilizaa sita kulekule," alisema. "Asiyeamia ndege hali mpunga."

Kati ya hao sita aliyebaki hai alikuwa Polikarpo peke yake, lakini nani angethubutu kumkumbusha? Mwanawe alirudi barazani kwenye kitabu chake. Roketi ikifanya kazi ya watu wote wa kaya, mkewe angeweza kubaki mjini karibu na hospitali. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Basi akazidi kusoma. Kitabu kilisema moto ukisukumwa nyuma kwa nguvu, chombo hukimbia mbele, na siri iko kwenye koo, tundu jembamba linalopitisha moshi. Tundu likiwa pana, moshi hutoka kivivu. Likibana mno, chombo hupasuka. Alinifuata mimi, kwa kuwa ni mfinyanzi.

"Shemeji, nifinyangie koo lisilopasuka kwa moto."

La kwanza lilipasuka vipande. La pili nikalichanganya na vigae vilivyotwangwa, kama tufanyavyo kwa vyungu vya kupikia, likastahimili. Mwili wa roketi ulikuwa bomba la pampu ya baiskeli, na baruti aliiomba kwa wawindaji wenye magobori. Tukaijaribu ukingoni mwa mto. Ilipanda, ikajikunja, ikatugeukia sisi! Nilitumbukia majini na khanga yangu mpya. Polikarpo hata hakunitazama, alikuwa ameshafungua kitabu. Kumbe uzito ulitakiwa uwe mbele na mabawa yawe nyuma. Akarekebisha, na iliyofuata ikaenda moja kwa moja hadi upeo wa macho yangu. Nilijishika kichwa. Huyu shemeji asiyejua kuezeka paa!

Mwezi wa tano akazipeleka mbugani. Ya kwanza ilipiga mlio, ndege wakaruka wote, wakafanya wingu jeusi, tukapiga vigelegele. Wakazunguka mara moja, wakatua palepale wakaendelea kula. Ya pili, hawakujisumbua hata kuruka. Niligeuka nimcheke Polikarpo, nikauona uso wake, kicheko kikanikauka. Jioni ile mama Kandida akamleta Verediana dunguni, tumbo likiwa limeshashuka.

Siku chache baadaye, saa za mchana, Polikarpo aliita majirani waje kuiona roketi ya mwisho. Baruti ilikuwa imekwisha. Alitutaka wote tusimame kwenye tuta, mkewe na mama yake wakiwa mbele yangu. Akailaza roketi kwenye mwanzi uliopasuliwa, akafumba jicho moja, akausogeza mwanzi kidogo, akausogeza tena. Kisha akawasha.

Haikupanda. Ilipita chini chini juu ya masuke, ikifoka, ikaingia kwenye mlango wa dungu letu. Mvua zilikuwa zimekatika na nyasi zilikuwa kavu, nyumba nzima ikashika moto mbele ya macho yetu. Mama Kandida alikaa chini matopeni na nguo zake safi.

Mbugani kwetu, aliyeunguliwa haulizwi kitu. Majirani humwamia shamba lake mpaka mavuno, na wanawake wake hurudishwa mjini siku ileile, kwani kulala kwenye dungu la watu wengine ni mwiko. Mama Kandida mwenyewe ndiye aliyelitamka neno hilo, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mpakieni mke wake mtumbwini."

Uchungu ulimshika dada yangu akiwa ameshafika mjini. Mtoto alikuwa amelala kikingamo tumboni. Daktari akampasua, na asubuhi wote wawili walikuwa wanapumua. Dunguni wangekufa, daktari alituambia hivyo waziwazi.

Nilimkuta Polikarpo kwenye baraza ya hospitali. Furaha ilinijaa, lakini na hasira pia, nikamshambulia.

"Shemeji, miaka miwili unasoma! Mbuga yote ile, ukaipeleka nyumbani kwako? Mikeka, vyungu vyangu, nguo za watu! Ndiko kujifunza gani huko?"

Alitazama kama mama yake yuko karibu. Kisha akasema polepole, "Mlango ule mwembamba, shemeji. Nilikuwa na roketi moja tu, na niliogopa sana nitaukosa."