Soksi Zisizojua Kiingereza

Tuliingia ukumbi wa maktaba kwa sababu ya mvua, nisijifanye nilikuwa na mpango wowote. Ilikuwa Jumamosi, Barking, mashariki ya London, upepo unapindua miavuli ya watu, nami nimeshika mkono wa binti wa dada yangu, mtoto wa miaka saba, buti lake moja linaingiza maji. Mlangoni palibandikwa picha ya kikaragosi kilichovaa koti la manyoya. Mtoto akaikodolea macho, haondoki. Nikadhani ni sinema ya dubu weupe. Nikasema haya, hata kama ni dubu, ndani kuna joto.

Hapakuwa na dubu. Kulikuwa na viti vya plastiki, watoto wa kila rangi wanamwaga makombo ya biskuti, na mwanamke mmoja mfupi, mwenye sauti tulivu, aliyetoka kwa Wainuiti, watu wa kaskazini kabisa ya Kanada. Alitueleza kwa Kiingereza kwamba runinga ilipofika kwao mara ya kwanza, ilikuja na Kiingereza chake. Watoto wakaanza kucheza kwa Kiingereza, wakagombana kwa Kiingereza, na mabibi wakabaki wanawatazama wajukuu zao kama mtu anavyomtazama mgeni wa jirani. Ndipo watu wa kwao wakaanza kutengeneza vipindi vyao wenyewe, vya watoto, kwa lugha yao, vyenye vikaragosi vya kitambaa na ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya barafu.

Nikakaa vizuri kwenye kiti. Mimi nimetoka Tanga, nimeishia kidato cha nne, na hapa London nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya kutunza wazee. Lakini tangu nilipokuwa mdogo napenda vipindi vya watoto kuliko mtu mzima anavyoruhusiwa, na ndoto yangu ni kutengeneza cha kwangu. Nikiwaambia watu, wanatabasamu kwa huruma. Mimi nawarudishia tabasamu. Najua jambo wasilolijua bado.

Taa zikazimwa. Kwenye skrini kulikuwa na bibi kizee na mtoto wa kike, wote vikaragosi. Bibi hapati buti lake. Anazunguka nyumba nzima analalamika, halafu anamwendea mtoto, na maandishi ya Kiingereza chini yakasema: "Mama, umeliona buti langu?" Mtoto, ambaye amelikalia hilo buti, akamjibu kwa sauti ya mtu mzima mwenye mambo mengi: "Mwanangu, uliliweka wapi mara ya mwisho?"

Wazazi ukumbini wakaangaliana. Baba mmoja nyuma yetu akanong'ona kuwa maandishi yamekosewa. Ikabidi yule mwanamke asimamishe picha aeleze. Kwao, alisema, mtoto akipewa jina la mtu aliyetangulia, watu wa nyumbani humwita kama walivyokuwa wakimwita yule wa kwanza. Huyu msichana ana jina la mama yake bibi. Kwa hiyo ni mama yake bibi.

Watu wakasema "aa". Mimi nilikuwa nimeshacheka zamani. Mtoto niliyempakata ana jina la mama wa bibi yake, na bibi yake, kule Tanga, hajawahi kumwita kwa jina lingine isipokuwa "mama".

Baada ya picha, yule mwanamke akavaa kikaragosi mkononi, akawaita watoto waje kukisalimia. Mvulana mmoja akakiuliza kwa Kiingereza kinaitwa nani. Kikaragosi kikageuza kichwa, kikamtazama mwanamke, kikangoja.

"Huyu hajui Kiingereza," akasema mwanamke, kama anayemwombea radhi mgeni wake. Akamfundisha mvulana neno la kusalimia. Mvulana akalitamka, na kikaragosi kikarukaruka kwa furaha, kikampa mkono. Basi watoto wote wakapanga foleni. Wa kwetu alipanga mara mbili, na lile neno alilitamka vizuri, kwa kifua kabisa, kama mzaliwa wa barafuni.

Mimi nilifurahi, lakini pia kitu kilinichoma. Maana Kiswahili mtoto huyu hakuwa akikitamka kwa mtu yeyote.

Si kwamba hakijui. Ukimwambia "leta kijiko", analeta kijiko. Ukimsengenya, anajua umemsengenya. Ila jibu lake ni Kiingereza, kila siku, hata usingizini. Na kila Jumapili mama yetu, ambaye tangu mtoto azaliwe sote tunamwita Bibi, alikuwa akipiga simu ya video. Dada yangu anamsimamisha mtoto mbele ya simu, anambonyeza begani: "Sema shikamoo. Sema shikamoo kwanza." Dada ni nesi, mtu wa utaratibu, na kwetu mtoto asiyesema shikamoo ni aibu ya ukoo mzima. Mtoto anakauka. Anatazama miguu yake. Kule Tanga Bibi anangoja, halafu anasema, "Basi, mwacheni, amechoka." Kila Jumapili mtoto amechoka.

Na miezi ya karibuni Bibi alikuwa ameacha hata kumwuliza. Anaulizia kazi, anaulizia baridi, anatuma salamu, anakata. Jumapili iliyotangulia ile mvua, dada aliweka simu mezani akasema, "Labda tumwache tu. Asome Kiingereza chake. Bibi atazoea." Alisema kama mtu anayefunga dirisha. Nilimwona akienda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi. Nami nikajua kwamba Bibi akizoea, basi, ndio mwisho.

Kwenye basi la kurudi nyumbani mtoto alifuta ukungu dirishani, akaniuliza, kwa Kiingereza, eti kwa nini Bibi humwita mama.

"Kwa sababu una jina la mama yake," nikamjibu kwa Kiswahili.

Akafikiri vituo viwili hivi. Kwa hiyo yeye ni mama wa Bibi?

"Ndiyo."

Kama yule kwenye picha?

"Kama yule yule."

Kwa hiyo, akauliza tena, huku amenigeukia mwili mzima, nani anatakiwa kumwamkia mwenzake shikamoo?

Nilicheka hadi mama mmoja wa Kinaijeria aliyekaa mbele yetu akageuka kuona kuna nini. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria soksi.

Kwenye kazi yangu soksi ndizo zinazobaki. Nguo nyingine zina majina yameshonwa ndani, lakini soksi hupotezana kwenye mashine, na hujaa kikapu kizima, kila moja peke yake. Nyingine mwenyewe ameshafariki. Siwezi kuzitupa, sijui kwa nini. Naona kama bado zinangoja kuitwa. Msimamizi wangu aliniruhusu nichukue ninazotaka. Nikachagua ya kijivu, nene, iliyolegea shingoni, nikaifanya bibi. Nyingine ya manjano yenye milia ikawa mtoto. Macho nikashona vifungo vya shati. Bibi nikamfunga kipande cha kanga kichwani.

Onyesho la kwanza liliharibika. Nilijirekodi kwa simu, soksi ya kijivu inasema kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Hiki ni kijiko. Hiki ni kikombe. Sema: kikombe." Mtoto aliangalia kwa adabu, akaniambia kwa Kiingereza kuwa hiyo ni shule, akaenda kucheza na mito. Alisema kweli. Hata mimi nilikuwa nimechoka nilipofika kwenye sahani.

Nikakaa nikakumbuka ukumbi ule. Kule hakuna aliyefundisha kitu. Bibi alikuwa anatafuta buti, mtoto amelikalia. Na yule mwanamke alipokuwa na kikaragosi mkononi, kazi yake kubwa ilikuwa kungoja.

Jumatatu moja jioni, dada yupo zamu, sikurekodi chochote. Nilikaa kwenye zulia nikavaa bibi peke yake. Soksi ya manjano nikailaza juu ya mto, tupu. Bibi akaanza kuhangaika, na maneno yake yalikuwa ya Bibi wa Tanga, si ya kitabu.

"Ala, miwani yangu imekwenda wapi tena? Nyumba hii ina majini. Mama. Mama wee. Hujaiona miwani yangu?"

Miwani ilikuwa kichwani pake, nimeitengeneza kwa waya. Soksi ya manjano ikanyamaza, itafanya nini. Bibi akauliza tena. Mtoto akaacha mito yake, akasogea, akaniuliza kwa Kiingereza mbona ile nyingine haijibu.

"Haina mkono," nikamwambia.

Akauingiza wa kwake. Akajibu kwa Kiingereza kwamba miwani iko kichwani. Bibi akageuza kichwa taratibu, akanitazama mimi.

"Soksi hii haijui Kiingereza," nikasema. "Imetoka Tanga juzi."

Mtoto akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa kaunta imefungwa. Nikangoja. Mkono wangu ulikuwa unauma kwa kuinuliwa, na chai yangu imepoa, lakini nikangoja. Soksi ya manjano ikafungua mdomo, ikafunga, ikafungua.

"Iko kichwa," ikasema. "Iko kichwa chako, mwanangu."

Sikupiga makofi. Ningepiga makofi ingekuwa shule tena. Bibi alijipapasa kichwani, akaipata miwani, akasema, "Kumbe. Ahsante, mama. Nimezeeka vibaya." Na mtoto akaanguka chali kwa kicheko.

Wiki nzima ikawa ndiyo kazi. Nikitoka kufua, koti sijavua, nakabidhiwa bibi. Bibi alipotea sokoni, bibi alikataa kula, bibi alimwaga maziwa akasingizia paka. Soksi ya manjano ilimkaripia, ikamfuta mdomo, ikamlaza. Maneno mengine yalikuja yamepinda, hayo niliyaacha yaje hivyo hivyo. Na kila siku kabla ya yote bibi humwinamia mama yake: "Shikamoo, mama." Hiyo ndiyo aliipenda kupita zote. "Marahaba," anaitikia, akiivuta ndefu kama mzee wa mtaa.

Dada alipita sebuleni siku moja, begi begani, akasimama kusikiliza. "Unamharibu," akaniambia. "Mtoto anaamkiwa?"

"Ni soksi, dada."

"Soksi leo. Kesho?"

Kesho yenyewe ilikuwa Jumapili.

Simu ikaita baada ya chakula cha mchana. Bibi hushika simu karibu mno, kwa hiyo sisi humwona paji la uso, ushungi, na feni ya dari. Akamaliza ya kazi, akamaliza ya baridi. Bibi hakumtaja mtoto. Dada, kwa mazoea tu, nadhani, au kwa kujaribu mara ya mwisho, akamvuta mtoto mbele ya simu.

"Msalimie bibi yako. Sema shikamoo."

Mtoto akakauka. Nikaona macho yake yanashuka kuelekea miguuni, kama kawaida. Halafu yakasimama njiani. Akaiangalia simu.

"Wewe anza," akasema, kwa Kiswahili.

Dada akashika kifua. "Unamwambia nani hivyo?"

"Yeye anaanza," mtoto akasema. "Mimi mama yake."

Feni ikazunguka. Dada akaninyooshea kidole, na mimi nikazisukuma soksi chini ya kochi, maana Bibi ni mtu wa heshima zake, na soksi zilikuwa zangu. Halafu simu ikayumba, paji la uso likaondoka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tukauona uso wake mzima. Alikuwa amesogeza simu mbali ili amwone vizuri anayezungumza naye.

"Shikamoo, mama," akasema Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Sijala, mama." Sauti ilikuwa nyembamba, ya kudeka, sijapata kuisikia kwa mtu yule maisha yangu yote. "Wamenipikia uji hauna sukari."

"Kwa nini?"

"Daktari kakataza."

"Basi kunywa," mtoto akamwambia. "Usilie. Kunywa wote."

"Nitakunywa, mama."

Waliendelea. Sikumbuki yote, kwa sababu nilikuwa namwangalia dada, aliyekaa kwenye mkono wa kochi na begi lake la kazini mapajani. Mtoto alipokwama, Bibi alingoja. Hakuna aliyemfundisha kungoja. Yeye hakuwahi kuuona ule ukumbi. Wakaagana, mtoto akamwambia mwanawe avae soksi.

Jumatatu nimerudi nyumbani kutoka kazini, simu ikaita. Bibi hapigi Jumatatu. Nilipokea nikiwa na hofu ya habari mbaya, nikaona paji la uso na feni.

"Shikamoo, Bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Mama yangu yuko wapi?"

"Anaoga."

Mtoto alikuwa ameshasikia. Maji yakafungwa, na sauti ikatoka bafuni, inapiga mwangwi kwenye vigae:

"Mwambie mwanangu asubiri."

Nikafungua kinywa nimfikishie.

"Nimesikia," akasema Bibi. "Nasubiri."