Baba Anasikiliza kwa Nyayo

Saa tatu asubuhi mlango wa ukumbi wa kanisa unafunguka. Linatangulia kasha jeusi, refu kama mtu mzima, kisha anafuata anayelibeba, akihema.

"Karibu mgeni," mwenzake wa kundi, mpiga viola, analiambia kasha. "Na wewe uliyemsindikiza, karibu pia."

Anayetaniwa ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, ambaye mtaani wanamwita Mama Selo. Anatoa ala yake, selo, ndugu mkubwa wa fidla, anaiegemeza kifuani. Kabla hajagusa uzi anainamisha kichwa.

"Mungu wangu," ananong'ona, "vidole nimeshakukabidhi. Leo ikumbuke na miguu ya baba."

Sala hiyo ina kisa chake.

Mama Selo ameipiga selo kwa miaka zaidi ya thelathini, mingi kati yake akiwa katika kundi la watu wanne: fidla mbili, viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na yeye. Mchana anafundisha watoto kumi na wawili, na ada zao ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Matamasha hulipa nauli na, wakijaliwa, nyuzi mpya.

"Utajiri sijauona," anasema, "lakini sijawahi kuamka nikajiuliza leo nakwenda kufanya nini."

Tamasha lake la kwanza lilikuwa kichekesho. Selo husimama juu ya mwiba wa chuma, na sakafu ya siku hiyo ilikuwa ya vigae vilivyong'arishwa. Alipovuta upinde, selo ikateleza. Akaifuata na kiti chake. Ikateleza tena, akaifuata tena. Muziki ulipoisha alikuwa ameshafika miguuni pa waliokaa mbele.

"Nilidhani anakuja kunisalimia," anasema baba yake, seremala mstaafu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe.

Kesho yake baba huyo alimletea ubao wenye kitundu cha kushika mwiba na mkanda wa kuufunga kwenye miguu ya kiti. Tangu hapo binti hajawahi kupiga bila ubao huo.

Baba naye hakukosa tamasha, hadi kelele za mashine za kupasulia mbao, zilizomla masikio kidogo kidogo, zilipomaliza kazi yao. Miaka sita iliyopita akaacha kuja.

"Nije kufanya nini?" alimwambia bintiye. "Kutazama watu wazima wanne wakikata mbao bila kuzimaliza?"

Alicheka, kisha akageuza uso.

"Hapo niliumia," anasema Mama Selo. "Kiti chake nilikiona kitupu hata kilipokaliwa na mtu mwingine."

Mwezi uliopita ubao ulipasuka. Mzee akaitwa ukumbini kuutengeneza. Akiwa bado amepiga magoti juu yake, binti akakosa subira, akachomeka mwiba kitunduni na kuvuta upinde juu ya uzi mnene ili aone kama mwiba unashika.

Nyundo ikabaki hewani.

"Rudia," baba akasema.

Akarudia. Mzee akavua viatu, akasimama juu ya ubao, macho yamemtoka.

"Mwanangu! Inapanda mpaka magotini!"

Tangu siku hiyo amekuwa akiranda mbao. Ubao mpya una urefu wa kitanda: upande mmoja uko chini ya selo, wa pili chini ya kiti cha mstari wa mbele. Leo jioni ndiyo mara ya kwanza kuujaribu mbele ya watu.

"Asiposikia leo harudi tena," anasema Mama Selo. "Namjua. Ni mbishi kama msumari uliopinda."

Jioni ukumbi umejaa. Mzee anaketi, anavua viatu. Soksi moja ina tundu kisiginoni.

"Baba, soksi!" binti anamwonyesha kwa kidole, uso umemwiva kwa aibu.

"Iache. Hapo ndipo panaposikia vizuri."

Muziki unaanza. Mzee anafumba macho. Selo inaposhuka chini kabisa, vidole vyake vya miguu vinajikunja, kisha vinaachia. Selo inapopumzika, anasubiri. Inaporudi, anatabasamu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Makofi yanalipuka. Yeye hapigi. Anasimama na kumnyooshea bintiye kidole.

"Pale katikati umeruka!"

Ukumbi mzima unaangua kicheko.

"Ha! Mimi nilikuwa ubavuni kwake na sikujua," anasema mpiga viola.

Mama Selo anacheka huku machozi yakimtoka. Ni kweli, aliruka nota moja ya muziki. Anamgeukia baba ili amsome midomo: "Nimeruka, Baba. Nisamehe."

"Utarekebisha. Jumamosi ijayo nakuja kukagua."

Wakati wenzake wanafunga ala zao, mzee tayari yuko chini na futi yake, anapima mstari wote wa mbele. Baba na binti wameshakubaliana: ubao wa ukumbi mzima kwa upana, kisha waalikwe wanafunzi wa shule ya watoto wasiosikia.

"Mungu akitujalia, watakaa hapa wote, bega kwa bega," anasema Mama Selo. "Nitawapigia zile sauti nene tu."

Baba amemsoma midomo. Anainua kichwa kutoka sakafuni.

"Na waambie waje na soksi zenye matundu."