Masitiki ya Dirisha la Jirani

Bibi yangu alikuwa akitutoa funza kwa pini. Huko Karagwe tulikokulia, ng'ombe walilala karibu nasi kuliko majirani, na vidole vya miguu havikupata likizo. Funza humchokonoi katikati. Unamzunguka pembeni pole pole mpaka alegee mwenyewe, maana akipasuka mguuni umekwisha. Macho ya bibi yalipochoka, pini ikaja kwangu. Niliwatoa funza ukoo mzima, na katekista mmoja aliyesali kwa sauti kila nilipomgusa, utafikiri namchinja. Shule niliiacha mapema, lakini mkono nilikuwa nao.

Nikahamia nao Kigali. Hapa Kicukiro watu wanavaa viatu, funza hakuna, kwa hiyo naitwa kutoa vibanzi vya mbao vidoleni na miiba ya samaki kooni. Mke wangu anasema siku moja nitaitwa kumtoa shetani.

Ndiyo maana jirani yangu mjane, mama aliyekulia Bujumbura, alinipigia kelele juu ya ua mwaka jana: "Jirani! Leta huo mkono!"

Alikuwa anahamia nyumba mpya karibu na Masoro, na alitaka kuondoka na kioo kimoja cha dirisha la sebule. Kioo kizito, cha maua, vya aina hiyo siku hizi huvioni tena. Masitiki iliyokishika kwenye fremu, ile wengine wanaiita puti, ilikuwa imekauka ikawa jiwe.

Nilimkuta na mgane mmoja, mstaafu wa ofisi za Kacyiru, mtu wa koti hata juani. Alikuwa akimposa tangu Pasaka. Kila Jumapili alikuja na maziwa, akarudi bila jibu.

"Kitoe kizima, leo nitakujibu," mama akamwambia mbele yangu.

"Na kikivunjika?"

"Utakunywa maziwa yako mwenyewe."

Maskini alikuwa amekuja na nyundo na patasi! Nikamnyang'anya. Nikaenda nyumbani kuchukua pasi ya mkaa, nikaiwasha, nikamwambia avue koti, aweke viganja juu ya kioo akipokee kikilegea. Mama akaketi ndani, akatuchungulia kupitia yale maua.

"Sha, kutoka huku unafanana na ndizi iliyopondwa," akamwambia.

"Ndizi inakupenda," mgane akajibu. Nilicheka nusura niangushe pasi.

Nilikunja kitambaa juu ya chuma cha fremu, nikagandamiza pasi hapo. Masitiki ikianza kunuka mafuta, imekubali. Hapo unapitisha kisu butu ukikiegemeza kwenye chuma, si kwenye kioo. Ikigoma, hubishani nayo, unarudisha pasi. Juu ilitoka kama ganda la muhogo. Kona za chini ndizo zilikuwa na kiburi.

Kitu kikalia: ka! Mgane akafumba macho.

"Yesu Mariya! Nimesikia!" mama akapiga kelele.

"Ni goti langu, mama," nikasema. Na kweli lilikuwa goti.

Kipande cha mwisho kikadondoka, kioo kikainama taratibu mikononi mwa mgane, kizima, hata ufa hakuna. Mama akatoka mbio, kaniki mabegani, akacheza pale uani.

"Basi nimekukubali!"

Mgane alicheka mpaka jasho likamwingia machoni. "Na hiki tutakiweka wapi?"

"Chumbani kwetu, mbele ya kitanda. Marehemu alikipakata toka Bujumbura, njia nzima hakukiweka chini. Nikiamka nataka nimuone yeye kwanza."

"Na mimi?"

"Wewe utakifuta vumbi. Nimeona una mikono mizuri."

Mgane alikilaza kioo juu ya blanketi, polepole, vizuri kuliko nilivyotarajia. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote. "Mungu akubariki, mama," akasema, akatoka getini. Tulidhani anakwenda kutafuta gari la kubebea vyombo. Tukasikia moto, pikipiki ya kukodi, ikishuka naye kilima, na mpaka leo hajarudi.