Matawi juu ya klimatizeri ya Tata Kabeya

Nina aibu kuisimulia hii, lakini nusu ya mtaa wetu pale Kolwezi waliiona kwa macho na nusu nyingine waliililia machozi, kwa hiyo kunyamaza hakunisaidii: mimi ndiye niliyemletea kilio mama mzee aliyekuwa bado hai, na nilifanya hivyo kwa nia ya kumpoza.

Ilikuwa ile miaka mibaya, mashine za mgodi zimelala, sisi mafundi tunakwenda karakana kuangaliana tu, na watu wa asili ya mkoa wa Kasai wanaambiwa warudi kwao, hata wale ambao huko kwao hawajawahi kukuona. Jirani yangu Tata Kabeya, karani, alikuwa mmoja wao. Alikuwa anangojea treni pamoja na mama yake, Kaku (ndivyo tulivyomwita wote, maana yake nyanya), mwenye moyo dhaifu, na daktari alikuwa amesema akae penye baridi, alale, apate nguvu, la sivyo safari itammaliza. Basi Kabeya akafunga chumbani kwa mama yake klimatizeri kuukuu, mashine ya kupoza hewa, iliyotoka kwenye ofisi iliyofungwa, na sanduku lake la nje, lile lenye feni, likakaa kwenye ukuta unaotazama barabara, jua la Oktoba likilipiga kuanzia asubuhi hadi jioni. Ndani ikawa inapuliza kama pumzi ya mtu mwenye homa.

"Tata Mwansa," Kabeya aliniambia, "weye uko fundi, utusaidie. Lakini polepole, batu basituangalie sana. Tunataka twende kimya."

Hilo la kimya ndilo mlishike, kwa sababu nyumba ikijulikana kuwa inahama, vijana walikuwa wanaiingia kabla wenyewe hawajatoka.

Mashine ikikaa juani inachoka, hilo nalijua: iwekee kivuli, ila acha nafasi hewa moto itoke. Nilianza na kipande cha bati. Upepo ukalipiga mpaka Kaku akauliza nani anacheza ngoma. Nikajaribu kitenge cha marehemu mke wangu. Feni ikakivuta, nikakikomboa kikiwa na tundu ambalo bado linaniuma. Ndipo nikaukumbuka mchikichi ulio nyuma ya nyumba yangu. Nikakata matawi manne mabichi, nikayafunga kwenye fito mbali kidogo na sanduku, ncha zikainama juu ya ua mpaka barabarani. Baada ya saa moja Kaku akaomba shuka. Nikarudi kwangu nikijisifu.

Sasa, kwetu kila mtu anajua matawi ya mchikichi mbele ya nyumba yanasema nini: hapa kuna kilio, ingia. Na si kwamba sikujua. Mwaka uliotangulia matawi ya mti ule ule yalifungwa mbele ya mlango wangu mimi mwenyewe, siku tatu, kwa ajili ya mke wangu. Lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kimejaa hewa moto tu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Beti, wa nyumba ya pili, ambaye tangu maneno ya kufukuzana yaanze hakuwa amemsalimu Kaku hata mara moja. Nilimsikia kutoka kwangu: "Kaku we, umekwenda na mi sikukusalimia." Nilipofika mbio, nyuma yake wamekwisha kuja wanawake saba, mabenchi ya kanisa, makaa, sukari, sufuria kubwa kuliko zote za mtaa, na wanaume waliokaa wakitazama viatu vyao. Kabeya akanikamata mkono. "Tata, ulifanya nini? Nilikuomba kimya." Na kwenye kona, wamesimama, vijana watano wa ile kazi ya kuingia nyumba za watu.

Nikajaribu kueleza. Kila nilipofungua mdomo Mama Beti alinikumbatia, akisema pole, huyu alikuwa kama mama yako, na (niseme ukweli) nikaanza kulia na mimi, labda kwa ajili ya yule mwingine, mke wangu. Ndipo mlango ukafunguka, Kaku akasimama pale na shuka lake.

"Banalilia nani?"

Mtu akaangusha kifuniko cha sufuria.

"Ni weye, Kaku," nikasema, maana uongo siujui. "Ni sababu ya matawi. Niliyatia kwa klimatizeri."

Akayatazama matawi, akamtazama Mama Beti, akaketi kwenye benchi la mbele. "Basi mulie," akasema. "Mulishaanza, mumalize. Kule nakwenda, hakuna mutu mwenye kunijua."

Mama Beti akacheka, kisha akalia kuliko mwanzo, na wote wakamfuata. Wale vijana wakavua kofia, wakaondoka. Hata mwizi haingii penye kilio. Watu walikaa siku tatu kama ilivyo desturi, marehemu akinywa chai pamoja nao, na ya nne wakamsindikiza mpaka stesheni, watu wamemzunguka kama ua, hakuna aliyethubutu kumrushia jiwe kama walivyorushiwa wengine.

Barua ya Kabeya ilifika baada ya mvua. Kaku alifika salama, akaishi miezi miwili. Kwenye kilio chake kule walikuja watu wanne. Nilimsomea Mama Beti, akasema, "Shiye huku tulishamulilia."

Tangu hapo sijafunga tawi la mchikichi mahali pasipo na maiti. Kitu kikitaka kivuli naweka bati, na lipige ngoma litakavyo.