Maharage ya Kwenye Kopo la Sukari

Pale kwenye kituo cha utafiti wa mbegu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mkuu wa kituo hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Bibi Kibano, kwa sababu ya kile kibano chembamba alichokichomeka nywelini asubuhi na kukisahau humo mpaka usiku. Kazi yake ilikuwa kuozesha maharage. Ndiyo, kuozesha, msicheke. Kabla jua halijawa kali alichuchumaa mbele ya ua ambalo bado limejifumba, akalifungua kwa kibano, akatoa sehemu zake za kiume, akalipaka chavua ya ua la mmea mwingine, kisha akafunga kiuzi chekundu kwenye kikonyo ili ajue nani kaolewa na nani. Huyu hodari wa ukame, yule joto halimtishi, na yule mwingine anashiba hata kwenye udongo uliochoka. Alikuwa mshenga na mkunga kwa mshahara mmoja, na aliipenda kazi hiyo kupita kiasi.

Ila alikuwa na doa moja. Miaka ya nyuma alizalisha maharage yaliyostahimili kiangazi kana kwamba hayakupewa taarifa kuwa kuna kiangazi. Kituo kizima kilishangilia. Bibi Kibano akambebea mama mkwe wake fuko zima, kwa mbwembwe. Mama mkwe yule alikuwa mkulima tangu ujana wake, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Aliyachemsha kutwa, mkaa ukaisha, akaongeza kuni, kuni nazo zikaisha, ndipo akasema, "Mkwe wangu, haya si maharage. Haya ni kokoto."

Jina likashika. Sokoni wakayaita Kokoto, wakulima wakayarudisha. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Yeye alivumilia akala kokoto. Mpaka leo ukitaka kumuudhi, mwulize habari za Kokoto.

Akapiga moyo konde, akaanza upya. Msimu baada ya msimu aliozesha, akapanda, akachagua, akatupa. Mkuu wa kituo, mtu mpole lakini aliyechoka kungoja, akamwita ofisini. "Dada yangu, msimu ujao usipokuwa na kitu cha maana cha kupanda, lile shamba la ukame nawapa watu wa mahindi."

Shamba lenyewe lilikuwa kipande nyuma ya stoo, udongo mwekundu ambao hata magugu huufikiria mara mbili. Halikumwagiliwa wala kutiwa mbolea. Joto lilipopanda, maharage yote yalipukutisha maua, isipokuwa mstari mmoja. Mstari ule ulisimama na maganda yamejaa. Bibi Kibano alipouona alirukaruka na kupiga vigelegele peke yake, mpaka mlinzi akaja mbio na rungu akijua ni nyoka.

"Yuko wapi?"

"Hakuna nyoka, kaka. Ni maharage."

Mlinzi alimtazama, akarudi getini kwake taratibu.

Mavuno yalikuwa bakuli moja. Dunia nzima, maharage hayo yalikuwa bakuli hilo tu. Je, yataiva upesi, au ni Kokoto wa pili? Aliumia kutaka kujua, lakini kila punje ilikuwa mbegu, na hakuthubutu kuchemsha hata moja. Na kwa vile stoo ya kituo ilikuwa inapigwa dawa ya bungua, wale wadudu watoboao mbegu, aliyabeba nyumbani, akayatia kwenye kopo la sukari, akaliweka juu ya kabati la jikoni palipo pakavu. Sasa angalieni mambo ya wasomi: mtu anayefunga uzi kwenye kila ua kazini, nyumbani hakubandika hata kikaratasi. Akafunga mlango, akaenda zake.

Siku hiyo mama mkwe akaja kumtembelea mwanawe.

Bibi Kibano aliporudi jioni, harufu ilimpokea mlangoni. Harufu nzuri, ya kitunguu na maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nawa mikono ukae, nimepika."

Mume wake, fundi baiskeli, alikuwa ameshakaa mezani, grisi bado kwenye kucha, anatafuna kwa bidii. Pembeni ya sufuria kulikuwa na kopo la sukari, tupu.

Bibi Kibano akachungulia ndani ya kopo. Akakaa chini, palepale sakafuni.

"Mama, haya maharage umeyatoa wapi?"

"Kwenye kopo. Kwani kuna mengine?"

"Hiyo ilikuwa mbegu, Mama. Ndiyo hiyo tu."

Fundi akaacha kutafuna, mashavu yamejaa. "Sasa nimeze au niteme?"

Akameza.

Bibi Kibano alikuwa analia waziwazi, lakini mtafiti ni mtafiti hata msibani. Akavuta bakuli, akaonja. Laini, mazito, matamu. "Yamechukua muda gani kuiva?"

"Muda gani? Nilibandika, nikaenda kuteka maji, nikasalimiana na jirani, kurudi nikakuta yameiva. Mkaa wenyewe haujaisha. Nikajua umenunua dukani. Yako si nayajua."

Hapo kilio na kicheko vikamtoka pamoja. Yameiva! Amepata alichokitafuta miaka yote, na kimo tumboni mwa mumewe.

"Na unalia nini hasa?" mama mkwe akauliza.

"Sina cha kupanda, Mama."

"Nani kakwambia?" Mama mkwe akavuta pindo la mtandio wake, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na konzi nzima ya maharage manene, yanang'aa. "Tangu nijue kupika sijabandika maharage bila kutoa mbegu kwanza. Kwanza nachagua, ndipo napika. Ulidhani wewe ndiye wa kwanza?"

Bibi Kibano alimkumbatia, mchuzi na machozi vyote pamoja. Mama mkwe akammiminia mbegu kiganjani. Kisha akasita, akachota punje chache, akazirudisha kwenye pindo.

"Hizi zangu. Nitapanda nyuma ya jiko."

"Mama, hazijaruhusiwa bado kutoka kituoni. Mpaka zipimwe, zikaguliwe..."

"Ziruhusiwe na nani? Si mimi niliyezipika?"

Na Bibi Kibano, mwenye kanuni zote za kituo kichwani, akampakulia mama mkwe bakuli la pili.