Sauti ya Nyumba ya Pili

Nilipokuwa mwari, nimewekwa ndani kungoja kuolewa, kazi yangu ilikuwa kusuka ukili na kusikiliza bibi na shangazi wakibishana. Walibishania watu waliokufa zamani, kama waliwahi kuishi: mvulana na binti wa koo mbili zilizochukiana, walioonana kwenye harusi ya watu wakapendana papo hapo. Binti alipokaribia kuozwa kwa mwingine alijitupa kisimani, na mvulana akamfuata.

"Hayo ndiyo mapenzi," shangazi alisema, machozi yakimlenga kwa kisa alichokisimulia mwenyewe.

"Mapenzi gani?" bibi alidakia. "Wamejuana wapi? Hata hajui mwenzake akiamka ana hasira au hana. Wazimu wa ujana huo. Wangeoana, mwezi wa pili wangerushiana vyungu!"

Mimi niliinamia ukili wangu, moyo ukinienda mbio. Nyumba ya pili walisoma maulidi kila Alhamisi, na kijana mmoja alikuwa na sauti iliyonisahaulisha mkono wangu umefika wapi. Sura yake sikuijua. Yeye hakujua kama nipo. Lakini naapa, nilikuwa tayari kumfia, ila sikujua kama ni mapenzi au ndio huo wazimu. Nikawakasirikia wazee wangu. Si wamalize ubishi, waniambie!

Hawajamaliza, posa ikaja. Haikuwa ya mwenye sauti. Ilikuwa ya mchuuzi wa mbata wa Saadani, mtu mzima kidogo, aliyekohoa kwa moshi wa kukaushia nazi. Siku ya ndoa baba alikuja nje ya pazia na mashahidi wawili, akauliza, "Mwanangu, umeridhia nikuoze?"

Nilitaka kusema la. Nikamkumbuka yule binti wa kisimani. Yeye alikuwa na hakika, mimi je? Nimwaibishe baba mbele ya watu kwa ajili ya sauti? Na kama ni mapenzi kweli? Nilikuwa bado napima, mdomo wazi chini ya ushungi, bibi akapiga kigelegele. Mwari akinyamaza ameridhia, nami nililijua hilo tangu utotoni. Jamani, mimi nilikuwa nafikiri tu!

Tukaishi hapo hapo kwetu Bagamoyo. Alikuwa mtu mwema, msumbufu wa chumvi kwenye mchuzi, na alikohoa usiku kucha. Kikohozi kile kilinikera mno, nikawa nalala na kanga nimejizungushia masikioni. Tulizaa, tukalea, naye akafariki watoto wetu wamekwisha kuwa wakubwa.

Siku ya hitima nilikuwa chumbani, nimekaa eda, wanaume wakisoma barazani. Sauti moja ikapanda juu ya nyingine. Ilikuwa imechoka kidogo, lakini niliitambua mara moja. Ni yeye! Nikangoja moyo uende mbio. Haukwenda. Badala yake nilipandwa na hasira, nikitamani yule bwana anyamaze, ananizibia nisisikie.

Nililia sana, na wanawake wakasema namlilia mume wangu. Huenda walisema kweli, sijui, na bibi hayupo tena nimuulize. Najua tu kwamba sauti ile ilikuwa inasoma vizuri mno, nami nimetega sikio kitandani kwetu, nangoja mtu akohoe.